Mama Alipopiga Simu Kutoka kwa Malaika

Majuzi nilialikwa sherehe ya mtoto wa rafiki yangu huko Columbia Heights, na kabla hata sijabisha hodi nilikuta viatu. Vilikuwa vimejaa mlangoni na kumwagika hadi ngazini: vya wanaume vyenye vumbi, vya kina mama vya visigino, vidogo vya watoto vilivyovuliwa kimoja huku kingine kule. Ndani watu wengi walikuwa wanaimba. Moyo ukanilipuka. Nikasimama pale na zawadi yangu mkononi, mtu mzima na kazi yangu, nikijiuliza ni nani amekufa. Hakuna aliyekufa. Mtoto alikuwa anatimiza mwaka. Lakini sisi tuliokulia hapa Amerika, Landover, katika majengo yale ya matofali mekundu, hatuwezi kuona rundo la viatu mlangoni tusishtuke kidogo, na wenzangu mnajua.

Kwetu kulikuwa na namna moja tu ya kukusanyika. Kochi linasukumwa ukutani, meza inapelekwa chumbani, khanga zinatandikwa juu ya zulia, viatu vinabaki nje, na chai inachemshwa kwenye sufuria ambayo mimi ningeweza kuoga ndani yake. Iwe kipaimara, iwe mtu kapata uraia, iwe msiba, utaratibu ni uleule, nyimbo ni zilezile na watu ni walewale: Watanzania wenzetu, Wakenya, na Wakongo wachache waliosali nasi katika ghala lililogeuzwa kanisa. Mtu mzima anajua tofauti kwa sababu ameambiwa. Mtoto hajaambiwa kitu, kwa hiyo anaangalia viatu na kujitafutia maana mwenyewe.

Mlango uliotazamana na wetu ulikuwa wa kina Nekesa. Wao ni Wakenya wa Bungoma, sisi ni Wanyakyusa wa Tukuyu, na mimi na Nekesa tulikuwa chanda na pete. Baba yake aliendesha folklifti, gari la kunyanyulia mizigo, kwenye ghala moja palepale Landover. Alikuwa mtu wa mizaha, akitukuta koridoni anajifanya amesahau majina yetu. Majira ya baridi ya mwaka nilipokuwa na miaka sita aliugua ghafla, akafariki hospitali. Viatu vikajaa koridoni kutoka mlango wao hadi wetu. Watu waliimba jioni kwa jioni, wakaomba, wakalia, halafu siku moja wakaenda naye uwanja wa ndege ili akazikwe kwao. Nekesa aliambiwa, "Daddy amesafiri." Mimi sikuambiwa lolote. Nilichoona ni hiki: watu wanakuja, wanaimba, mtu anapelekwa airport, harudi.

Kiangazi kilipofika, viatu vikajaa kwetu.

Mama yangu alikuwa anasoma pale chuo kikuu cha College Park, mambo ya kale. Mtu akimuuliza unasomea nini, Baba alimjibia: "Anasomea takataka za watu waliokufa," na Mama alimpiga kofi la bega kila mara, na kila mara wote wawili walicheka. Mwaka ule profesa wake aliwachukua wanafunzi wachache kwenda kuchimbua kijiji cha kale kwenye kisiwa chenye milima, kiangazi kizima. Watu wakaja kumuaga. Kochi likasukumwa. Sufuria ikatoka. Mzee wa kanisa akaomba Mama apokelewe salama huko aendako, na kina mama wakaitikia huku wanajifuta machozi, maana kwetu kuaga bila machozi ni ubaridi.

Na hapo nikasikia jina la mahali penyewe. Kipro.

Kipro nilikuwa nakijua sana. Kilikuwa ukutani katika darasa letu la Jumapili, kwenye ramani ya safari za mitume, kisiwa cha rangi ya waridi. Upande mmoja wa ramani palikuwa na picha ya bustani ya Edeni, upande wa pili picha ya kiti cha enzi na mawingu na malaika. Shuleni kwetu hakuna aliyewahi kukitaja Kipro. Kwenye basi hakuna aliyeshukia Kipro. Hesabu yangu ya miaka sita ikatoka haraka na bila kosa: Kipro ni huko juu, mtaa mmoja na mbinguni.

Nikamng'ang'ania Mama mguu. "Utarudi?"

"Mungu akipenda, mama," akanijibu, na kunibusu utosini.

Ninyi na mimi tunajua kwamba hilo ndilo jibu la Mtanzania kwa kila kitu, hata ukimuuliza kama Jumatatu atakwenda sokoni. Lakini liweke kwenye sikio la mtoto ambaye ameshaona alivyoondoka Baba Nekesa. Nililia hadi uwanja wa ndege wa Dulles na kurudi, na Baba aliyekuwa anaendesha alinipa biskuti tu, akidhani nina usingizi.

Kisha, asubuhi moja nikiwa nakula uji, kompyuta ya Baba ikalia, na kwenye kioo akatokea Mama.

Siwezi kuwaeleza furaha ile. Alikuwa amevaa kofia pana ya majani, uso umemng'aa kwa jua, anakula tikiti maji. Nyuma yake milima ilipandana mmoja juu ya mwingine mpaka ikawa ya bluu. Kwetu jua ndiyo kwanza linachungulia, kwake limeshaanza kushuka. Sawa, nikajiambia, huko saa si kama zetu, hilo nalo nilitegemea. Lakini sikutegemea tikiti maji. Hofu yangu yote ikayeyuka. Kumbe kule wanakula, wanacheka, wanavaa kofia!

"Unaona milima, Atu? Kama ya kwetu Tukuyu, ila imekauka," Mama akasema. "Ngoja nikuonyeshe kanisa la jirani hapa."

Akaibeba kompyuta yake, picha ikiyumba na kukatikakatika, tukaona mawe, mbuzi, ukuta, mzabibu. Kanisa lenyewe kwa nje lilikuwa kama banda la ng'ombe. Paa la mbao lilishuka karibu na ardhi kwa sababu ya theluji ya milimani, hata mnara halikuwa nao. Mlangoni alisimama babu mmoja, kanzu nyeusi, ndevu nyeupe hadi kifuani, na mkononi ameshika ufunguo mkubwa wa chuma. Nikamtazama yule babu na ufunguo wake, nikaacha kula uji. Nani katika darasa letu la Jumapili asingemtambua mlinzi wa mlango ule?

Akafungua. Mama akaingia na sisi tukaingia naye. Ukuta mzima, kutoka sakafuni hadi darini, ulikuwa watu. Walikuwa wamesimama kwa mistari, joho jekundu, joho la kijani, macho makubwa yanakutazama, na kila mmoja ana duara la dhahabu kichwani. Juu kabisa malaika walikunja mabawa yao. Mama akasema kwa sauti ya chini kwamba wamekaa pale miaka mamia na mamia na rangi bado mbichi.

"Wanakusumbua?" nikamuuliza.

"Nani?"

"Hao."

"Wala," Mama akasema, akicheka. "Wapole kweli."

Nikavuka koridoni mbio kwenda kumwambia Nekesa. Akanisikiliza bila kupepesa macho. Alikuwa msichana wa maneno machache, wa kuuliza swali moja tu.

"Did she see my dad?"

"Hajamtaja," nikamwambia, "lakini milima ni mingi sana."

Simu iliyofuata ikanipa jibu bora zaidi. Safari hii Mama alikuwa bondeni, mahali wanapochimba, amechafuka vumbi hadi kope. Akatuonyesha misingi ya nyumba za mviringo za mawe, zimebanana ubavuni mwa kilima. Wenyewe waliishi zamani za zamani, akasema, kabla binadamu wa pale hawajajua hata kufinyanga chungu, bakuli zao walichonga kwa mawe. Halafu akamweleza Baba jambo lililomshangaza yeye mwenyewe: mtu wao akifa hawakumpeleka mbali. Walimzika chini ya sakafu, ndani ya nyumba ileile, wakaendelea kupika na kulala juu yake. "Hawakutaka kuachana," Mama akasema. Mimi nilichobeba kumpelekea Nekesa ni kwamba kule waliokufa wanakaa nyumba moja na ndugu zao, nyumba nzuri za mviringo, na kuna mbuzi. Nekesa akafikiri sana. Akasema baba yake anapenda mbuzi.

Basi tukaishi kiangazi kile kwa raha mustarehe, watoto wawili wenye habari za ndani. Mpaka Mama Furaha aliporudi.

Mama Furaha alikuwa Mkongo wa Bukavu, sauti yake ilijaza ghala letu bila kipaza sauti. Alikuwa ameenda kukaa kwa binti yake jimbo jingine tangu kabla ya kumuaga Mama. Jumapili moja baada ya ibada akanikuta nje peke yangu, nimevaa gauni ambalo Baba alilifunga vifungo kombo. Baba alikuwa zamu kazini, ameniacha kwa Mama Nekesa, ambaye wakati ule alikuwa bado ndani anakunja viti.

"Mama yako iko wapi? Simuone!"

Nikamjibu kwa heshima zote, kwa lugha yangu ya nusu kwa nusu. "Alienda kwa Mungu. Watu walikuja, wakaimba, Baba akampeleka airport. Now she's with the angels. Lakini she's fine, anakula tikiti maji."

Sidhani alisikia habari ya tikiti maji. Alitoa ukelele uliofanya njiwa wote waruke kwenye paa la ghala. Akanikumbatia mpaka hewa ikaniishia, akaingia garini, akatoa simu. Na ninyi mnajua simu ya mama wa Kikongo inavyofanya kazi. Mama Nekesa alipotufikisha nyumbani, koridoni hakukuwa na pa kukanyaga. Jirani mwenye ufunguo wa akiba alikuwa ameshafungua kwetu. Kochi ukutani, khanga zimetandikwa kila pembe, sufuria jikoni. Kina mama wakanivamia kwa busu na kilio. Mtu akanipa chapati. Nikaketi katikati yao, nimependwa kupita kiasi, nikijiuliza ni nani amekufa. Mama Nekesa alijaribu kuuliza kitu, akashindwa na makelele, kisha akajiegemeza ukutani.  Baadaye alisema alidhani Baba amepigiwa simu ya msiba kutoka Kipro na yeye hakuambiwa.

Baba akaja saa kumi. Yeye aliona viatu kwanza.

Aliingia akiwa ameshika mfuko wa mboga, na alipotokeza tu wote wakapandisha kilio juu. Nikaona uso wa baba yangu ukibadilika rangi. "Nani?" akauliza. Hakuna aliyeweza kumjibu, kila aliyefungua mdomo alilia tena, na wanaume wakamshika mikono. "Ni nani jamani? Ni mke wangu?" Na wao, kwa kuwa walifikiri anakubali, wakamwambia ajikaze. Hilo la uso wa Baba ndilo pekee katika siku ile ambalo sicheki nikilikumbuka. Akajikwamua, akaifuata kompyuta, akapiga. Ikalia, ikalia. Halafu Mama akatokea, kitambaa cha kulalia kichwani, amefura usingizi, akatazama chumba kilichojaa watu waliojifunga khanga.

"Jamani," akasema, "mmefiwa na nani?"

Mzee wa kanisa, mtu mkweli sana, akasema, "Na wewe."

Nani alianza kucheka sijui. Najua Mama Furaha alisogea mpaka pua ikagusa kioo. "Eh! Njo wewe? Uko muzima?" akauliza, akamwambia ageuke nyuma na mbele ahakikishe. Najua Baba aliketi chini palepale juu ya mboga zake, akicheka na kulia. Msiba ukageuka karamu, maana chakula kilikwisha kupikwa, na waombolezaji walikula kwa hamu kuliko siku zote. Mimi niliwekwa begani mwa mmoja na mwingine. "We mtoto! Mama yako hajafa, atarudi karibuni," kila mtu akaniambia, wakanifinya mashavu. Hakuna hata mmoja aliyeniuliza nilidhani Mama yuko wapi. Kwa hiyo nilichoelewa ni nusu tu, na ile nusu ilikuwa kubwa na ya ajabu: kumbe kutoka kule mtu anarudi.

Nikamnong'oneza Nekesa palepale. Akatua chapati yake.

Siku Mama alipokuwa anarudi, gari letu lilikuwa gereji, Mama Nekesa akajitolea kutupeleka kwa gari lake. Nekesa akatoka amevaa gauni lake la Krismasi na viatu vyeupe, nywele amejichana mwenyewe. "Kwani unaenda harusi?" mama yake akamtania. Nekesa akatabasamu tu.

Pale Dulles watu walitoka mlangoni na mizigo yao. Mama akatoka, amekuwa mweusi wa kupendeza, nikamrukia na kumpanda kama mti. Kelele zilizofuata mnaweza kuzifikiria wenyewe. Tulipotulia ndipo tukaona Nekesa hajasogea. Alikuwa anatazama mlango. Watu wakatoka mmoja mmoja, wakapungua, marubani wakatoka na mabegi yao madogo, mlango ukajifunga.

"Auntie," akamwambia Mama, "Daddy amebaki?"

Mama akamtazama Mama Nekesa. Mama Nekesa akatazama funguo za gari. Mama yangu akachutama mpaka wakawa macho kwa macho. "Kule nilikokuwa sikumwona, mwanangu," akasema. "Kule ni nchi tu, kama hapa. Kuna barabara na maduka." Akaishia hapo, maana yaliyobaki hayakuwa yake kuyasema. Njia nzima kurudi Landover Nekesa alishika pindo la gauni lake.

Jumamosi iliyofuata Mama akatuita kibarazani. Alikuwa amepaka chokaa mbichi kwenye ubao mpana, anataka kujaribu namna mafundi wa yale makanisa walivyochora: rangi inawekwa chokaa ikiwa bado na maji, inanywewa na ukuta, na ikikauka imekauka nayo. Akatuambia kwamba chini ya wale watakatifu, pembeni, walichorwa watu wa kawaida wa kijiji waliolijenga kanisa. Baba, mama, watoto, wazima na waliokufa, wamesimama pamoja na nguo zao nzuri.

Nekesa akauliza swali lake moja. Je, baba yake hawezi kuwekwa chini ya sakafu, kama wale wa nyumba za mviringo? Tukalijadili kwa makini. Lakini chini ya sakafu yetu aliishi bwana mmoja mwenye mbwa, naye hakupenda hata turukeruke. Ikabaki ubao.

Tukamchora Baba Nekesa. Mimi nilifanya joho, Nekesa alifanya uso. Tukampa duara la dhahabu na folklifti ya manjano, na mbuzi wawili kwa heshima. Rangi ilikuwa mpaka viwikoni wakati Mama Nekesa alipopita kumchukua mwanawe, ametoka kazini kwenye nyumba ya wazee, bado ana sare, mkoba begani.

"Na huyu ni nani amenona hivi?"

"Ni Daddy," Nekesa akasema.

Tangu msiba hakuna aliyemtaja mumewe mbele yake. Picha zake zote alizitia kabatini. Mama yangu hakumtazama, aliendelea kukoroga rangi.

"Inakauka, Mama Nekesa," akamwambia taratibu.

Mama Nekesa akaweka mkoba chini. "Masikio," akasema. "Aki, hayo masikio si yake. Daddy alikuwa na masikio kubwa! Shule walikuwa wanamuita Ndovu. Leta hiyo brashi." Akapiga magoti na sare yake yote, akachora sikio moja, kubwa, likapita hata duara la dhahabu, akachora la pili, akaanza kucheka. Alicheka mpaka akajipaka rangi usoni. Akatusimulia jinsi alivyomkataa mara ya kwanza kwa sababu ya masikio hayo, na jinsi upepo wa hapa Amerika ulivyomtesa, hakuna kofia iliyomtosha. Nekesa alisikiliza mdomo wazi. Kisha brashi ikasimama.

"Neks, kuja hapa," mama yake akasema. "Daddy hakusafiri. Daddy alikufa. Hatarudi na ndege, hatarudi na kitu yoyote. Ni mimi nilishindwa kukuambia."

Nekesa akautazama ubao. Hakulia, bado. Alikuwa na swali.

"Even his ears?"

Mama Nekesa akamvuta karibu, akamtazama vizuri upande wa kushoto, kisha upande wa kulia.

"Hapana," akasema. "Hayo alikuachia wewe."

Nekesa akapeleka mikono yake yenye rangi kichwani, akayashika masikio yake yote mawili, akayavuta taratibu kuyapima.

"They're big," akasema, kwa fahari.